Nyoka wa Kaviu

Jumanne, Embu mjini. Mvua ya mwezi wa kumi imefika hatimaye. Imenyesha tangu asubuhi bila kelele, mvua ya kulowesha hasa, na kumbikumbi wanatoka chini ya ukuta wa jirani. Nimeketi dirishani na chai ya tangawizi. Goti linauma, lakini moyo umetulia.

Wanaonisoma hapa wamezoea habari za sukuma wiki yangu na za goti hilohilo. Leo nataka kuandika jambo jingine. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa lilipotokea, na sasa nakaribia tisini. Wote waliokuwepo wamekwenda. Nimebaki mimi.

Nilimwona nyoka ambaye hakuwa na jina.

Sisemi kwamba hakuwa na jina la Kizungu tu. Hakuwa na jina la Kimbeere, wala la Wakamba ng'ambo ya mto, wala la mtu yeyote aliyewahi kuishi. Kila nikikumbuka hilo, hadi leo, nywele zinanisimama.

Kwetu ni Mbeere, kule chini kwenye joto, karibu na Kiambere, kabla bwawa halijajengwa. Katikati ya mto Tana palikuwa na kisiwa kidogo cha mawe na miti ya miiba. Kilikuwa chembamba, kimechongoka upande mmoja, na kwa sababu hiyo watu walikiita Kaviu, yaani kisu kidogo. Hakuna aliyeishi huko. Baba yangu, Nthiga, alitundika mizinga yake ya nyuki kule kwa sababu nyegere hawakuisumbua. Ukiyajua mawe ya kukanyaga, ungeweza kuvuka kwa miguu wakati maji yalipopungua.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Ninyi vijana mmeisoma shuleni. Sisi tuliiishi: pasi ya kutoka sehemu moja kwenda nyingine, kafyu jua likizama, na homgadi, watu wetu wenyewe waliopewa bunduki na serikali ya mkoloni watuchunge. Homgadi akiuawa, lazima mtu anyongwe. Wakati mwingine hawakujali sana kama ni mtu yule au ni mwingine.

Mkubwa wa homgadi wa kwetu aliitwa Kathuri. Yeye na baba walitahiriwa msimu mmoja, na zamani walikuwa marafiki wa kulala nyumba moja. Kisha Kathuri akampeleka mdogo wake baba kambini, yaani kizuizini. Baba akamwambia sokoni, mbele ya watu, kwamba hatakula naye tena mpaka kufa. Maneno hayo watu waliyasikia na wakayaweka.

Asubuhi moja Kathuri alikuja nyumbani na vijana wake wawili. Alikuwa amesikia kwamba watu wa msituni, waliopigana na mkoloni, wamefichwa Kaviu. Alimwambia baba awavushe. Mama, kwa adabu tu, aliwapa uji kwanza, nao wakanywa wakiwa wamesimama. Baba hakunywa nao.

Kisiwani hawakuona mtu. Wale vijana walizunguka upande wa pili, na Kathuri akainua mzinga wa zamani uliokuwa umeanguka na kuzama kwenye udongo, aone kama kuna bunduki chini yake. Alishtuka, akanyonya kidole, akasema amechomwa na mwiba. Baba aliona kitu cheusi chembamba kikiingia udongoni. Hakuna mwingine aliyekiona.

Jua lilikuwa halijazama Kathuri alipokufa.

Baba alichukuliwa jioni hiyo akaletwa hapa Embu, mahabusu. Ushahidi ulikuwa tele. Kulikuwa na ugomvi wa sokoni, kulikuwa na uji, na juu ya dari yetu walikuta sumu ya mishale, ambayo siku zile ilikuwa katika nyumba ya kila mwindaji wa Mbeere. Kwenye kidole cha Kathuri palikuwa na tundu moja tu, dogo, kama la ncha ya mshale.

Baba alisema kweli, na kweli hiyo ndiyo ilikaribia kumnyonga. Alimwambia inspekta hivi: "Ni nyoka. Alimgusa kwa upande wa mdomo. Mdomo wenyewe ulikuwa umefungwa."

Inspekta alicheka. Hata askari wetu walicheka. Nyoka gani anauma akiwa amefunga mdomo?

Mimi wakati huo nilifanya kazi hospitalini Embu. Nilifua mashuka, na kwa kuwa nilisoma kidogo misheni, niliitwa kutafsiri wagonjwa wa Mbeere walipokuja. Daktari wetu alikuwa Mgoa, Mhindi wa asili ya Goa, mtu mfupi wa sauti ya chini na Kiswahili cha kuungaunga. Tulimwita Daktari Miwani kwa sababu alivaa jozi mbili, moja machoni na nyingine juu ya paji, na kila mara alikuwa akiitafuta ile ya juu. Alipenda nyoka. Chumbani kwake alikuwa na rafu nzima ya chupa, nyoka wamejikunja ndani ya spiriti, na wagonjwa waliomba waonwe nje.

Maiti ya Kathuri ililetwa kwake. Polisi walimuuliza swali moja: nyoka anaweza kufanya hivi? Alitazama kile kidole kwa muda mrefu. Akasema kwamba nyoka wa sumu huacha alama mbili, kwa kawaida, na kwamba yeye hamjui nyoka anayeacha moja. Hakuwa amedanganya. Niliyasikia maneno hayo nikiwa nimebeba beseni.

Sikuwa nimemwambia mtu hospitalini kwamba Nthiga ni baba yangu. Niliogopa. Binti wa muuaji wa homgadi hangekaa na kazi, wala hangekaa nje ya kambi. Lakini jioni ile nilibisha mlangoni kwa Daktari Miwani.

"Daktari, yule mzee wa Mbeere ni baba yangu."

Alinitazama, akavua miwani. Nilidhani atanifukuza.

"Yeye nasema mdomo ya nyoka ilikuwa imefungwa?"

"Ndiyo, Daktari. Ndivyo alivyosema."

"Wewe naamini?"

"Baba yangu hajui kutunga maneno."

Alivaa tena miwani. Kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea kutoka kwa mtu mkubwa kama yeye. "Mtu kama nataka kudanganya, nasema nyoka ilifungua mdomo, iliruka, ilifanya hivi na hivi. Kila mtu nasema hivyo. Huyu nasema imefungwa. Kwa nini mtu nachagua uongo mbaya namna hii?" Akainuka, akaanza kutembea mbele ya chupa zake. "Ciarunji, mimi hapana jua hii nyoka. Kama iko, hakuna mtu najua."

Aliyasema kama mtu aliyeambiwa kuna chumba ndani ya nyumba yake ambacho hajawahi kukifungua.

Kesho yake alikwenda kwa Bwana Shauri, ambaye ndiye alikuwa serikali yote pale Embu, akaomba ruhusa. Sijui alimwambia nini. Najua alirudi na jasho mgongoni. Kwa Mgoa kumpinga polisi wa Kizungu siku zile halikuwa jambo dogo. Alikuwa na mke na mabinti, na kazi yenyewe ilikuwa ya neema yao. Nilikwenda naye kama mkalimani. Tulipewa gari, sajini mmoja wa polisi aitwaye Mutua, na onyo tusikutwe nje wakati wa kafyu.

Tuliteremka kutoka kwenye baridi ya Embu hadi kwetu. Mama alisimama ukingoni akatutazama tukivuka. Hakuniita, nami sikumpungia mkono, maana sajini alikuwepo.

Siku ya kwanza tuligeuza ule mzinga, kisha mawe, mpaka vidole vikatoka damu. Nge. Tandu. Mijusi. Daktari alipiga magoti kwenye vumbi na suruali yake nyeupe, akafurahia kila kitu kana kwamba hakukuwa na mtu anayesubiri kitanzi. Nilimkasirikia kwa hilo. Tulirudi mikono mitupu, tukalala kwenye nyumba za polisi, na mvua ikanyesha.

Asubuhi Kaviu kilikuwa kinanuka udongo mbichi. Daktari alisema wanyama wanaoishi chini ya ardhi hupanda juu maji yakiingia kwao. Tulikwenda moja kwa moja kwenye ule mzinga ulioanguka. Mutua aliuinua kwa mtutu wa bunduki.

Alikuwepo.

Nitajaribu kumweleza. Alikuwa mwembamba kama kidole changu kidogo, na urefu wake haukufika mkono wangu. Alikuwa mweusi, lakini mwanga ulipompata aling'aa rangi za mafuta juu ya maji, buluu na zambarau. Kichwa na mkia vilifanana hata sikujua anaanzia wapi. Hakukimbia. Alipinda shingo na kukielekeza kichwa chini, kama mtu anayesujudu, akaitia pua udongoni. Hakuwa na habari na Hali ya Hatari. Hakuwa na habari na sisi kabisa. Nilikuwa nimekuja nikimchukia, kwani kwa sababu yake baba yangu alikuwa mahabusu, lakini nilisimama pale nikashindwa kumchukia.

Daktari alimbana nyuma ya kichwa kwa kidole gumba na cha shahada, kama alivyowashika wengine miaka yote. Ukimshika nyoka hivyo hawezi kukufikia. Kila mshika nyoka anajua.

Nyoka hakufungua mdomo. Aligeuza kichwa kidogo, na pembeni mwa mdomo uliofungwa likatoka jino. Moja. Jeupe, jembamba, refu kuliko kichwa kile kilivyostahili. Lilielekea nyuma, taratibu, likaingia kwenye kidole gumba cha Daktari kama sindano inavyoingia kwenye kitambaa.

Hakumwachia. Alikuwa ameinua mkono juu na machozi yamemjaa machoni, na mpaka leo siwezi kusema yalikuwa machozi ya maumivu.

"Ciarunji! Angalia! Mdomo imefungwa!"

"Daktari, umeumwa!" Mutua alipiga kelele.

"Sajini, wewe angalia pia! Angalia vizuri! Utasema nini kwa Bwana Shauri?"

"Nitasema mdomo umefungwa! Nitaapa! Lakini tuondoke hapa, tafadhali!"

Nyoka aliwekwa kwenye mkebe wa biskuti. Daktari alikaa nyuma ya gari, mkono umeanza kuvimba, akinieleza nikumbuke kila alichosikia mwilini, ili kama angekufa niweze kuwaambia madaktari wengine. Hapa ubaridi. Sasa kichefuchefu. Sasa ulimi mzito. Alitetemeka na kutapika njia nzima hadi Embu, na kila alipopata pumzi aliuliza kama mkebe umefungwa vizuri.

Nilimuuguza mimi. Mkewe aliketi upande mmoja na rozari, mimi upande mwingine na maji ya baridi. Kidole kiligeuka cheusi, na mwisho daktari wa Kizungu aliyeitwa kutoka Nyeri alikikata nusu. Niliomba Mungu kwa Kiswahili, kwa Kimbeere, na kwa yale maneno machache ya Kiingereza niliyoyajua, nikihofia lugha moja haitatosha.

Alipona.

Kabla hata hajaweza kusimama aliomba aletewe yule nyoka, ambaye sasa alikuwa amekufa, pamoja na kioo cha kukuza. Alikuwa akihesabu magamba yake safu kwa safu, kisha anasoma, kisha anahesabu tena. Aliniambia nije nitazame. Magamba ya kichwani yalipangwa kama mawe ya ukuta uliojengwa na fundi asiye na haraka. Alinieleza kwamba hivyo ndivyo nyoka wanavyogawanywa: kwa magamba, kwa meno, kwa mifupa ya taya. Kila mmoja ana ukoo wake, na ndani ya ukoo ana jina lake mwenyewe.

"Jamaa yake iko," alisema. "Mbali, nchi zingine. Hiyo pia naficha jino. Lakini magamba hapana fanana, kichwa hapana fanana. Hii yenyewe, Ciarunji, hakuna kwa kitabu. Watu wanajua hii dunia nzima ni mimi, wewe, sajini na baba yako. Basi."

Nikafikiria mizinga ya baba. Miaka yote hiyo alipanda na kushuka kwenye miti ile, na chini ya nyayo zake, kwenye kipande cha ardhi kidogo kuliko uwanja wa shule, waliishi viumbe ambao Mungu peke yake alikuwa akiwahesabu.

Mutua aliapa kama alivyoahidi. Daktari alikwenda mbele ya Bwana Shauri na mkono uliofungwa bandeji na chupa kwenye mkono mwingine, na kwa kibano akalivuta lile jino nje huku mdomo umefungwa, wote wakiona. Inspekta hakucheka. Mashtaka ya kuua yaliondolewa.

Ningependa kuandika kwamba baba alikuja nyumbani siku hiyo. Hakuja. Walisema maneno ya sokoni ni maneno ya mtu hatari, wakampeleka kambini. Tulipanda mtama na tukauvuna bila yeye. Aliporudi, mama alimtambua kwa sauti kabla ya sura.

Daktari Miwani alikuja kumwona. Aliendesha gari mwenyewe, na usukani aliushika kwa namna ya ajabu kwa sababu ya kile kidole kifupi. Mama alimpa asali. Walikaa kwenye vigoda viwili, baba na yeye, nami katikati nikitafsiri. Kisha baba akaomba auone mkono. Aliushika ule mkono wa Daktari akautazama pande zote mbili, akaurudisha polepole kama kitu cha kuazima.

Daktari akaeleza shida iliyomleta. Chupa ilikuwa imekwenda Ulaya, kwenye nyumba kubwa ya makumbusho, na wenye elimu hiyo wamekubali kwamba nyoka ni mpya. Wamempa ukoo, katika jamaa za kifutu. Limebaki jina lake mwenyewe. Kwa desturi yao wanaweza kumpa jina la mtu, na walitaka kumpa la Daktari.

"Lakini mimi nataka kupa jina ya wewe, mzee," alisema. "Wewe ndiye ya kwanza kuona. Wewe ndiye ilisema ukweli. Jina yako nakaa kwa vitabu siku zote."

Nilitafsiri kwa fahari. Niliona tayari jina Nthiga likiwa limeandikwa huko Ulaya.

Baba alichora kitu mchangani kwa kidole cha mguu. Alikuwa ananiita mama, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake.

"Mama, mwambie nashukuru sana. Mwambie kama ningekuwa na ng'ombe ningempa. Lakini Kathuri alikuwa rika langu. Tulilala chini ya blanketi moja. Watoto wake wanapita hapo wakienda kuteka maji. Wakisikia nyoka aliyemuua baba yao anaitwa Nthiga, watasema polisi walikuwa na haki."

Daktari alishusha macho. "Basi jina yangu?"

"Nyoka huyo amekwishamnyang'anya kidole," baba alisema, na nikaona pembeni mwa mdomo wake kicheko kinataka kutoka. "Hata jina amwachie? Mwambie yule mnyama hajatoka Kaviu tangu azaliwe, yeye wala babu yake. Wamwite kwa jina la kwao."

Ndivyo ilivyokuwa. Jina lake la pili likawa *kaviuensis*. Daktari alitueleza kwamba ule mkia wa neno ni Kilatini, unamaanisha wa mahali hapo. Baba alijaribu kulitamka mara kadhaa, likamshinda, akacheka kwa sauti mara ya kwanza tangu atoke kambini. Mama alitoka jikoni kuja kuona ni nani anacheka.

Daktari aliondoka nchini baada ya uhuru, na barua zikapungua, zikaisha. Baba alikufa katika kitanda chake. Halafu wakajenga bwawa la Kiambere, na maji yakapanda, wiki baada ya wiki, mpaka Kaviu kikabaki mgongo wa jiwe, kisha ndege mmoja aliyesimama juu ya kitu kisichoonekana, kisha maji matupu. Niliyaona hayo. Watu walilia kwa ajili ya mashamba. Mimi nililia kwa ajili ya kitu ambacho ningeaibika kukitaja.

Jumapili hii Wanja, mjukuu wa dada yangu anayesoma chuo kikuu, ambaye huniita Cucu, yaani nyanya, alinionyesha kwenye simu. Yupo! Picha ya chupa, na ndani yake kamba ya kijivu iliyojikunja. Rangi zote zimemtoka. Wanja akanisomea kwamba hajapatikana mwingine tangu yule. Tena wataalamu wa sasa wamechunguza upya wakaona yeye na jamaa zake si vifutu hata kidogo, wakamhamisha ukoo.

"Kwa hivyo jina limebadilika?" niliuliza.

"La ukoo tu, Cucu. Hili lake liko palepale. Lakini Kaviu ni wapi? Nimetafuta kwenye ramani, hakuna."

Nikamwambia kiko chini ya maji ya bwawa. Mahali pamezama, watu wamekufa, nyoka mwenyewe amekuwa kijivu kwenye nchi ya baridi. Na bado mtu yeyote anayefungua kitabu hicho, Japani au wapi, lazima atamke neno letu la Kimbeere, neno la kisu kidogo.

Wanja akaniuliza swali jingine ambalo limenikosesha raha tangu Jumapili: maji yalipanda polepole, Cucu, je, nyoka wenyewe hawakuogelea?

Sijui. Mimi hapana jua. Jumamosi anakuja na gari la rafiki yake, tushuke Kiambere, tugeuze mawe kwenye miteremko iliyo juu ya maji. Nimeshatoa gambuti zangu uvunguni. Nimemwambia pia sharti moja: tukimwona, tutamtazama tu. Hakuna atakayemshika.